Pale Maji Yanaporuka: Hotuba kwa Mafundi na Wazee wa Mifereji

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa mifereji, akina mama wa skimu ya umwagiliaji, wahandisi wenzangu, na ninyi vijana mafundi sanifu mnaoingia kazini mwaka huu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa mabanio, yaani kuta za kukinga mto ili maji yaingie mferejini, na wa mifereji yenyewe. Habari hiyo ni pana, haimaliziki kwa asubuhi moja. Nimeamua nichukue kipande kimoja tu cha mfereji, kipande cha mita saba au nane hivi, kile kilicho chini ya kila mahali maji yanapoangushwa. Pale kwenye povu na ngurumo. Watu hupapita haraka kwa sababu panalowesha. Mimi nimekaa kando ya mahali hapo kwa miaka mingi, na nimekuja kuwaombeni mpaangalie kwa makini, kwa kuwa mabanio mengi niliyoyaona yakifa, yalianza kufia hapo.

Nimeleta sinia na jagi la maji. Naomba kijana mmoja aje anisaidie. Lishike sinia hili kifudifudi, liwe sawasawa, lisiinamie upande wowote. Haya. Ninamimina katikati, taratibu, bila kukatisha. Mlioko mbele mnaona: pale maji yanapoangukia yanatandaa, membamba kama kioo, yanakimbilia ukingoni. Kisha, ghafla, kuna duara. Nje ya duara maji yamevimba, yana kina zaidi, yanatambaa. Pitisha kidole ndani ya duara, mwanangu, halafu nje yake. Umeona tofauti? Hakuna kizingiti chochote kwenye sinia hili, limepanguswa. Maji yamejijengea ngazi yenyewe.

Ngazi hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Vitabu vya haidroliki, elimu ya mwendo wa maji, vinaiita haidroliki jampu. Mimi nitaiita mruko wa maji, maana ndicho kinachotokea: maji yaliyokuwa yanakwenda chini chini kwa mbio yanaruka juu na kutulia. Niseme kwa haki kwamba duara hili dogo la kwenye sinia lina mambo yake, kwa sababu kwenye maji membamba kiasi hiki ngozi ya juu ya maji nayo ina nguvu, na wataalamu wamejadiliana sana kuhusu hilo. Kwenye mfereji na kwenye mto mjadala huo haupo. Kule wenye kauli ni uzito wa maji na kasi yake.

Sasa twendeni mferejini. Ukitupa kijiwe kwenye mfereji uliotulia, viwimbi vinatawanyika pande zote, na vingine vinapanda kinyume na mkondo. Nenda kwenye mteremko mkali ambako maji yamekonda na yanakimbia, utupe kijiwe hapo. Viwimbi vyote vinasombwa kwenda chini, hakuna hata kimoja kinachopanda. Kasi ya viwimbi hutegemea kina: kwenye maji ya mita 1 ni kama mita 3.1 kwa sekunde, kwenye maji ya sentimita 20 ni mita 1.4 tu. Maji yakikimbia kuliko viwimbi vyake, basi hayapati habari yoyote ya kule yaendako. Huko chini mfereji umejaa, au geti limefungwa, au kuna dimbwi. Maji hayajui lolote mpaka yamefika. Habari zote yanazikuta mahali pamoja, kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo yanaporuka.

Tunapima jambo hilo kwa namba ya Froude, iliyopewa jina la William Froude, mhandisi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyevuta mifano midogo ya meli majini huko Torquay ili ajue meli kubwa zitakavyokwenda. Ni kasi ya maji ikigawanywa kwa kasi ya viwimbi vyake. Ikiwa chini ya 1, maji yametulia. Ikizidi 1, maji yako mbioni. Mruko unatokea pale tu maji yanapotoka mbioni kuingia kwenye utulivu.

Nitawaeleza kidogo habari za waliotutangulia, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo hadi leo linawapiga chenga vijana kwenye mtihani. Leonardo da Vinci aliuchora mruko huu karne nyingi zilizopita. Giorgio Bidone akaupima huko Turin mwaka 1818. Kisha Mfaransa Jean-Baptiste Bélanger, mwaka 1828, akajaribu kuupigia hesabu, naye akatumia nishati: nishati ya kabla iwe sawa na nishati ya baada. Akakosea. Baadaye yeye mwenyewe akaliona kosa lake na kulisahihisha kwa kutumia msukumo badala ya nishati, na hesabu yake hiyo ya pili ndiyo tunayoitumia mpaka leo.

Kwa nini msukumo? Kwa sababu ndani ya povu nishati inapotea, na hujui mapema itapotea kiasi gani. Lakini hesabu ya msukumo imefunga. Maji ya mbio yanakuja na msukumo wa kasi yake. Maji yaliyotulia yanajibu kwa uzito wa kina chake. Pale pande mbili zinapolingana ndipo mruko unaposimama. Naomba hili mlishike, nitalirudia: mruko hausimamishwi na sakafu ya zege, wala na mawe, wala na nondo. Mruko unasimamishwa na maji yaliyoko chini yake.

Tupige hesabu ya mfano, walio na kalamu waandike. Tuseme mfereji unashuka kiasi cha mita mbili na nusu, mahali tunapoita dropu. Maji yanafika chini yakiwa na kina cha sentimita 20 na kasi ya mita 7 kwa sekunde. Namba ya Froude ni 5. Sasa fanya hivi: 5 mara 5 ni 25, zidisha kwa 8 upate 200, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, ni 14.2 hivi, toa 1, gawanya kwa 2. Unapata karibu 6.6. Maana yake kina kitaongezeka mara 6.6, kutoka sentimita 20 hadi mita 1.32. Na kasi itashuka kutoka mita 7 hadi mita 1 na ushei kwa sekunde. Maji yaliyokuwa yanaweza kung'oa mawe sasa yanakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu.

Ile nguvu imekwenda wapi? Imesagwa. Ndani ya povu maji yanazunguka, yanagongana, yanameza hewa, na karibu nusu ya nishati yote inaishia humo. Kwa mfano wetu huu ni kiasi cha kilowati 18 kwa kila mita ya upana. Dropu ya upana wa mita 3 inameza kilowati 54 na zaidi, ambazo ni zaidi ya nguvu za farasi 70. Fikirini trekta la kulimia, injini inanguruma kwa nguvu zake zote, usiku na mchana, masika nzima, halipumziki hata Jumapili. Trekta hilo liko chini ya kila dropu yenu. Na kazi yote hiyo inayapasha maji joto kwa sehemu 3 kati ya 1,000 za digrii. Ukiingiza mkono hutasikia kitu. Nguvu ile ile, ikikosa mruko wa kuisaga, italima. Italima kingo za mfereji, italima chini ya zege, italima shamba la jirani.

Ndiyo sababu tunajenga beseni la kutuliza maji: sakafu ya zege, kuta mbili, pengine meno ya zege ya kuyavuruga maji, na kizingiti mwishoni. Urefu wa mruko ni kama mara 6 ya kile kina cha pili. Kwa mfano wetu, mita 1.32 mara 6 ni karibu mita 8. Mara nyingi nimeona mchoro wa mita 8 ukifika eneo la ujenzi na kuwa mita 4, kwa sababu saruji imepungua na mtu akasema kwamba huko chini ni sakafu tu. Sakafu hiyo ndiyo kazi yenyewe! Ukitaka kubana saruji, bana kwingine kote, lakini hapo usiguse.

Lakini hata mita 8 kamili hazitoshi kama maji ya chini hayatoshi. Hapa niwasimulie kisa changu.

Nilikuwa na miaka minne kazini. Kulikuwa na banio kwenye mto wa mchanga, sitaitaja skimu wala waliohusika. Banio lilijengwa vizuri, beseni lake lilikuwa na urefu wake wote, zege safi. Waliolisanifu walipima kina cha mto chini ya banio wakati wa mafuriko, wakaweka sakafu kwa kimo kinachofaa, na kwa miaka kadhaa mruko ulikaa pale pale ulipotakiwa, katikati ya beseni. Mimi nilikuwa natumwa kulikagua kila kiangazi. Nilikagua mageti, nikapaka grisi, nikaangalia kuta za juu, nikatafuta nyufa, nikaandika "salama" na kutia sahihi.

Wakati huo, mita mia tatu hivi chini ya banio, matipa yalikuwa yanaingia mtoni kuchota mchanga wa kujengea. Niliyaona. Niliwasalimia vibarua wao. Sikuwaza kwamba yanahusiana na kazi yangu, kwa kuwa yalikuwa chini na mimi nilikuwa juu. Kiangazi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kitanda cha mto kikashuka, na uso wa maji nao ukashuka pamoja nacho.

Masika ya mwaka uliofuata mafuriko ya kawaida tu yalikuja, hayakuwa makubwa. Maji yakateremka banioni kwa mbio zake za siku zote, yakafika kwenye beseni, yakatafuta kina cha kuyajibu, yasikikute. Mruko ukasogea. Ukatoka kwenye zege, ukaenda kusimama kwenye mchanga mtupu. Yale matrekta niliyowaambia yakaanza kulima mchanga. Kwa siku mbili shimo likarudi nyuma mpaka chini ya sakafu, sakafu ikabaki inaning'inia, ikapasuka, na ukuta wa kulia ukalala. Mpunga wa msimu huo ulikauka. Nilisimama ukingoni na mzee mmoja mwenye eka mbili, hakunilaumu hata kwa neno moja, na ukimya wake ninao mpaka leo.

Tangu siku hiyo nikifika kwenye banio lolote naanzia chini. Natembea kufuata mto angalau nusu kilomita, ndipo narudi kuangalia mageti. Wahandisi vijana, mkipewa kazi ya upimaji na mkaambiwa fedha za kupima mto upande wa chini hazipo, kataeni kusanifu. Bila kujua kina cha maji ya chini katika kiangazi, katika mvua za kawaida na katika mafuriko, hamjui mruko utasimama wapi. Na mkikuta maji ya chini ni haba, dawa ipo: chimbeni sakafu ya beseni ishuke chini ya kitanda cha mto, ili kina kilichopungua kipatikane. Mfano wetu unataka mita 1.32, mto ukitoa mita 1 tu, shusheni sakafu, kisha mpige hesabu upya, kwa sababu mkishusha sakafu maji nayo yanaanguka kutoka juu zaidi.

Kuna mji ambao ulilazimika kujifunza haya kwa msiba mkubwa. Mwezi Machi mwaka 1913, mto Great Miami ulifurika na kuuzamisha mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na miji mingine ya bonde lile. Watu zaidi ya 360 walikufa. Wananchi wakachangishana fedha, zaidi ya dola milioni 2 za wakati ule, wakamwita mhandisi Arthur Morgan. Yeye na wenzake wakabuni mabwawa matano ya udongo, nayo yakajengwa kati ya 1918 na 1922. Ajabu yake ni kwamba ni mabwawa makavu. Hayana mageti. Chini ya kila tuta kuna matundu ya zege yaliyo wazi daima, ambayo hupitisha maji kiasi ambacho mto wa chini unaweza kuyabeba, na yanayozidi hubaki nyuma ya tuta mpaka mafuriko yapite. Siku za kawaida unaona mashamba tu.

Hebu fikirini tatizo lao. Bwawa likijaa, maji yanatoka kwenye yale matundu kwa kasi ya kutisha, na tuta ni la udongo. Na kwa kuwa hakuna geti la kupunguza, kasi inabadilika kila saa kadiri bwawa linavyojaa au kupungua, na kina cha mto wa chini nacho kinabadilika. Beseni lililofaa saa sita mchana huenda lisifae saa kumi na mbili jioni. Ndipo wahandisi wawili wa kazi ile, Riegel na Beebe, walipofanya majaribio kwa mifano midogo na kutoa taarifa yao mwaka 1917 kuhusu mruko wa maji kama njia ya kuua nguvu ya maji. Bélanger alikuwa ametupa hesabu miongo mingi kabla. Hawa walionyesha kwamba tunaweza kuuagiza mruko uje mahali tunapotaka, ukae hapo na ufanye kazi hiyo kwa kiwango cha bwawa zima. Mabwawa yale matano yamesimama hadi leo na bado yanailinda Dayton. Kila nikisoma michoro ya mabeseni yao huvutiwa na kwamba walianza na swali la maji yanayotoka, kabla hawajamwaga hata ndoo moja ya zege.

Miaka ya 1950, huko Denver, wahandisi wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maji na umwagiliaji wakapima miruko mingi sana, wakaipanga kwa namba ya Froude. Nitataja yale yanayotuhusu. Namba ikiwa ndogo, chini ya 1.7, huoni mruko, unaona mawimbi manene yanafuatana tu. Kutoka 4.5 hadi 9 ndiyo hali njema: mruko umetulia mahali pake, unasaga kati ya asilimia 45 na 70 ya nishati. Zaidi ya 9 ni ghasia, unasaga hata asilimia 85, lakini unapiga kuta na kurusha maji.

Hatari yetu sisi wa mifereji iko katikati, kati ya 2.5 na 4.5. Hapo mruko unayumba. Maji yanayoingia hupiga chini, mara yanapanda juu, mara yanarudi chini, na kila yakipanda hutuma wimbi. Mawimbi hayo hayafi karibu. Yanasafiri mbali mferejini, yanalamba kingo za udongo usiku kucha, na asubuhi unakuta ukingo umemong'onyoka mahali ambapo hapana dropu wala geti, unashangaa kosa liko wapi. Dropu nyingi za mifereji yetu, za mita moja hadi mbili, zinaangukia humu humu. Mkipata namba ya 3, msiseme inatosha. Panueni mfereji juu ya dropu ili maji yakonde na namba ipande, au gawanyeni mwanguko mmoja kuwa miwili midogo ili namba ishuke chini ya 2.5. Gharama yake ni ndogo kuliko kujenga ukingo kila mwaka.

Wazee wa mlimani walijua njia nyingine. Mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya asili, ile ninayoifahamu, iliyochongwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa vizazi, inapita kando kando ya kilima kwa mwinamo mdogo sana, hata mgeni anaweza kudhani maji yanapanda. Maji hayapewi nafasi ya kukimbia. Mahali ambapo hapana budi yateremke, nimeona yakiachiwa juu ya mwamba. Sioni namba ya Froude popote kwenye mfongo, lakini naona watu walioliuliza swali lile lile: kasi hii itakwenda kufia wapi?

Si kila bwawa kubwa hutumia mruko. Kwenye mabonde membamba yenye mwamba, wahandisi mara nyingi huyarusha maji hewani yakaangukie mbali na ukuta. Kariba, kwenye mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, ilijengwa hivyo katika miaka ya 1950. Ukuta wake una urefu wa mita 128 kwenda juu, na maji yanayotoka kwenye mageti yake yanaruka na kuangukia kwenye dimbwi chini ya ukuta. Kwa miaka ya kufungulia mageti, maji yale yakachimba shimo kwenye mwamba lenye kina cha mita 80 hivi, nalo likawa linasogelea msingi wa ukuta. Kazi ya kuliumba upya dimbwi hilo ilianza mwaka 2017, ndani ya mpango wa ukarabati wa dola za Marekani milioni 294. Mwamba wa Kariba ni mgumu kuliko udongo wa mifereji yetu mara nyingi sana, na bado ulilimwa.

Kazi ya mruko si kuua nguvu tu. Kwenye mitambo ya kusafisha maji, shabu inahitaji kuchanganyika na maji yote kwa sekunde chache, na mahali pazuri pa kuitia ni pale pale maji yanaporuka. Huhitaji mota wala umeme. Povu lile linaingiza hewa, na samaki wa chini wanaipata. Hata wimbi la baharini likishavunjika, ule ukuta mweupe wa povu unaokimbilia ufukweni ni mruko unaotembea. Walio Pwani wanauona kila siku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sipendi kulisema mbele ya watoto, lakini leo watoto wapo na ni vizuri wasikie.

Nimesema maji ya chini yakiwa haba, mruko unakimbia. Yakizidi sana, mruko unazama. Maji ya mbio yanapita chini kwa chini, na juu yake kunabaki mzunguko. Ukisimama ukingoni huoni hatari. Banio ni fupi, pengine mita moja na nusu, maji juu yanaonekana yamelala, povu kidogo tu. Lakini tazama kijiti kinachoelea hapo: hakiendi na mto. Kinarudi kwenye ukuta. Kinazama, kinaibuka mbele kidogo, kinarudi tena ukutani. Kinaweza kukaa hapo kutwa nzima. Na mtu akiingia hapo, hali yake ni ya kijiti kile. Maji yenye mapovu hayambebi mwogeleaji kama maji matupu, hata ajue kuogelea namna gani. Waokoaji wa Marekani wanayaita mabanio ya aina hii mashine za kuzamisha watu. Mwaka 1975 huko Binghamton, New York, wazima moto waliokwenda kwa boti chini ya banio la mto Susquehanna walivutwa hivyo hivyo, wakazama. Walikuwa watu wenye mafunzo na vifaa.

Wazazi, watoto wasiogelee chini ya banio, hata kiangazi. Na mtu akinaswa, asimfuate mtu mwingine majini. Mrushieni kamba, mrushieni dumu tupu lililofungwa kamba, mvuteni kwa pembeni kuelekea ukingoni. Nanyi mafundi, mnapojenga banio jipya fupi, msiache ukuta wima unaotumbukia kwenye maji ya kina. Mpeni maji mteremko au ngazi za mawe, pande zote mbili mweke mahali pa mtu kushika na kupandia. Ni mawe machache tu.

Namalizia na kazi ya kesho. Saa mbili asubuhi tutakutana kwenye dropu za mfereji mkuu, maji yatakuwa yamefungwa kule banioni hadi adhuhuri. Njooni na buti. Nitakuja na rula ndefu, rangi nyekundu na kamba. Kwenye ukuta wa kila beseni tutapaka mstari kwa kimo cha kina kinachotakiwa, ili masika yakija, mwenye zamu yeyote, hata kama hajasoma hesabu, aangalie maji ya chini yamefika mstarini au hayajafika, na yasipofika atoe taarifa siku ile ile. Chini ya banio lenyewe tutafunga kamba na madumu mawili, na kamati itachagua mtu wa kuyatunza. Tutaanza na dropu ya tatu. Wiki iliyopita nilipita pale nikaigonga sakafu yake kwa fimbo, mwanzoni ikajibu kama jiwe, na nilipokaribia kizingiti cha mwisho ikalia kama debe tupu.